Mshubiri wa Bi Mwanahija

Jumbe Shekivuli alikuwa na ng'ombe arobaini, lakini haya hakuwa nayo hata ya kuazima. Kila asubuhi alimpitia mjane Bi Mwanahija, mwenye ng'ombe mmoja, akanywa maziwa ya wajukuu wake.

"Jumbe, watoto wanalala njaa. Huachi tu?"

"Nani wa kuniachisha, bibi wee?"

"Hakuna, baba. Kesho njoo unywe kwenye kibuyu chenyewe."

Kesho yake akaukuta mshubiri umechanua mlangoni, jani moja limekatwa, na kina mama wamejaa barazani, watoto mgongoni.

"Ua zuri hili. La nini?"

"Dawa, baba. Ya watoto wakubwa wasiosikia."

Jumbe akacheka mpaka kitambi kikatikisika, akakidaka kibuyu, akakinyonya mdomo kwa pupa. Mara akatema, macho yamemtoka.

"Umenipa sumu, mwanamke."

"Sumu wapi, baba. Nimepaka mshubiri mdomoni mwa kibuyu, kama tunavyopaka titi. Waulize hawa, ndivyo mtoto anavyoachishwa ziwa."

Tangu siku hiyo maziwa wakanywa wajukuu. Jumbe naye, kila mlango aliopita, kina mama walimwuliza kwa adabu zote, "Shikamoo, jumbe. Umeshauzoea uji?"