Nafasi ya Sentensi Moja

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni ya juzijuzi tu, kule milimani Upareni palikuwa na mwalimu wa Kiswahili, jina lake Nakiete. Siku moja aliteleza kwenye ngazi za darasa, pu! Mguu ukavunjika, akafungwa plasta toka unyayo hadi gotini.

Mguu ulivunjika, mdomo haukuvunjika. "Darasa lije kwangu," akasema. Wanafunzi wakajaa uani kwake, wengine mikekani, wengine juu ya madumu. "Niandikieni insha ya jambo lenu wenyewe."

Wakaandika. Akasoma ya kwanza: "Nilirauka alfajiri jogoo alipowika." Ya pili: nilirauka alfajiri jogoo alipowika. Ya thelathini: jogoo yuleyule!

"Jamani! Watu thelathini, jogoo mmoja? Mchinjeni leo! Andika unalolijua wewe. Plasta yangu mmeijaza majina, imebaki nafasi ya sentensi moja. Atakayenipa sentensi inayostahili, nitaiandika hapa, na plasta ikikatwa tutaitundika darasani."

Lakini mwalimu naye alikuwa na lake. Daktari alishamwambia atembee kwa magongo, lakini magongo yakabaki nyuma ya mlango. Aliogopa kuanguka tena. Na mwalimu mkuu alishasema: asiporudi kufikia Jumatatu, darasa litapewa mtu mwingine.

Wakaandika upya. Akasimama kwanza Namkunda, binti asiyesikika kamwe. Akasoma: "Zamu yangu ya kusoma ikikaribia, huomba ruhusa ya chooni, kwa sababu nina kigugumizi." Aliisoma kwa kigugumizi hichohicho, mpaka nukta. Wenzake wakampigia makofi mpaka kuku wakakimbia.

Sifaeli aliposikia hayo, akachana insha yake, akaandika nyingine. "Maji ya sabuni yaliyomwangusha mwalimu niliyamwaga mimi, ili zamu yetu ya usafi isifiwe." Mwalimu akamtazama, akamtazama. "Ngazi ziling'aa kweli, mwanangu," akasema. Kicheko kikalipuka, Sifaeli akacheka huku analia.

Kiondo, mdogo kuliko wote, naye akasoma: "Mwalimu wangu hutuambia tusiogope kalamu, naye anaogopa kizingiti cha nyumba yake."

Lo! Hakuna aliyecheka. Mwalimu akageukia mlango. "Nileteeni magongo."

Jumatatu hiyo alipanda kilima, ko! ko! ko! Vigelegele mbele, vigelegele nyuma, akaingia darasani kwake, akaketi, akafungua kalamu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Namkunda akasema, "Mi-mimi ndiye niliyefungua njia. Ningenyamaza, wote mngebaki na jogoo wenu."

Sifaeli akasema, "Wewe ulisema la aibu, mimi nilisema la viboko. Kweli yangu ndiyo ghali."

Kiondo akasema, "Zenu zilimfurahisha mwalimu. Yangu ilimnyanyua."

Mwalimu Nakiete akawatazama watatu wake, akatazama plasta. Furaha ilimjaa. Nafasi ni moja. Akayageuza macho kwa darasa.

Basi nawageukia nanyi, mliokaa hapa mkijifanya mnasikiliza tu. Kalamu iko wazi, wino unakauka, na mwalimu anangoja jina. Je, nani alistahili?