Mtoto Anasema Kisimani

Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa. Nina kesi iliyonishinda siku tatu nzima, na leo siondoki mbele yenu bila kusikia hukumu.

Kulikuwa na wanafunzi watatu wa kidato cha nne katika shule moja ya milimani kule Taita. Shule yenyewe ndiyo hii ninayofundisha, kwa hiyo msijisumbue kukisia.

Wakesho alijaliwa sauti. Akiamkua mtu mlangoni, mpishi anaitikia kutoka jikoni, na wala msichana hajapaza. Mwadime alijaliwa mwili. Mjomba wake alimfundisha sarakasi tangu utotoni, na angeweza kutembea kwa mikono kutoka bwenini hadi darasani huku akilalamika kwamba chai haina sukari. Mghoi alijaliwa maneno. Huyo hata kuruka kamba hajui, lakini mpe karatasi leo, kesho utasoma kitu cha kukunyima usingizi.

Mghoi akaandika shairi la kuigiza, lisilozidi dakika saba kama kanuni ya mashindano inavyotaka. Mtoto ametumbukia kisimani, na bibi yake amekaa ukingoni ameshika kamba, anaongea naye kutwa nzima ili asilale kabla ya waokoaji kufika. Wakesho alikuwa mtoto, Mghoi bibi, na Mwadime alikuwa kisima chenyewe. Ndiyo, kisima. Ngojeni.

Katika mashindano ya kaunti, Mwadime alibinuka, akaruka, akatua kwa kishindo, na ukumbi ukashangilia mpaka mabati yakatetemeka. Tukapata alama sitini na mbili, tukapita kwa kubahatisha. Mwamuzi mkuu alituandikia maneno matatu tu: sarakasi imemeza maneno.

Nilikasirika, siwafichi. Nikawaambia tunaondoa miruko yote, tutasimama kwenye mstari kama shule nyingine na kukariri kwa adabu. Watatu hao wakakataa katakata. Walisema mwili na maneno havijagombana, ila havijafahamiana, na wakaniomba wiki tano.

Mwadime alianza upya kujifunza kutua. Alitandika bati kuukuu nyuma ya maktaba, akalirukia peku asubuhi na jioni, na kila bati lilipolia alirudia. Wiki ya nne nilipita hapo nikadhani amepumzika, kumbe anaruka.

Wakesho alijifunza kusema kichwa chini. Msidhani ni mchezo. Ukining'inia hivyo damu inajaa machoni na maneno yanatokea puani. Siku za kwanza alitapika, akasukutua mdomo, akapandishwa tena. Na huyu ni msichana aliyekuwa akiogopa hata kupanda kiti kufuta ubao.

Mghoi naye alichukua kalamu, akayakata maneno yake mwenyewe. Alikuwa akiweka kiganja mgongoni mwa Mwadime, anahesabu pumzi, kisha anarudi kwenye shairi: mistari mifupi pale mwili unapohangaika, mirefu pale unapotulia. Ubeti alioupenda kuliko yote aliufuta kwa sababu uliangukia kwenye mruko. Alilia, halafu akaendelea kufuta.

Basi tukafika fainali. Dakika ya tano, Mwadime akasimama wima katikati ya jukwaa. Wakesho akakunja magoti juu ya mabega yake na kuning'inia mbele ya kifua chake, kichwa chini, uso kwa watu. Mwadime akamshika vifundo vya miguu nyuma ya mgongo. Kisima hicho, na mtoto ndani yake.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi wa kwanza. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki tano kwenye uwanja mtupu, na hakuna aliyekumbuka kwamba watu wangepiga makofi kama kule kwenye kaunti. Ukumbi ulilipuka. Wakesho alikuwa na mistari minane ya mwisho, na kila neno ambalo angelisema pale lingemezwa kama mara ya kwanza.

Wakesho akanyamaza. Kichwa chini, mishipa ya shingo imemsimama, akayashika maneno yake akasubiri. Mwadime akasubiri naye. Kushika kwenyewe tulikupangia nusu dakika, sasa ilikuwa inakaribia dakika nzima, na nilimwona goti la kushoto likianza kutetemeka, kisha akalifunga likatulia. Makofi hayakwisha. Saa ilikuwa inakwenda.

Ndipo Mghoi, bibi wa kisimani, ambaye hajawahi kusema neno asiloliandika, akainuka na kamba yake mkononi.

"Nyamazeni," akasema, bila kupaza sauti. "Mtoto anasema kisimani."

Waliokaa mbele wakamsikia, wakawanyamazisha wa nyuma, na ukumbi mzima ukatulia, ukidhani ndivyo shairi lilivyo. Wakesho akasema mistari minane bila kutetereka hata silabi. Akashushwa. Zilibaki sekunde nne.

Tukapata tisini na moja. Kombe tulipewa, tukaimba njia nzima. Lakini pamoja na kombe ilikuja fomu: nafasi moja katika chuo cha sanaa za maonyesho, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Mwalimu aandike jina la mwanafunzi aliyeleta ushindi. Fomu ikirudi tupu, au ikirudi na majina mawili, nafasi inakwenda kwa shule ya pili.

Nilitarajia kila mmoja aniambie nimwandike mwenzake. Thubutu. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akajidai mwenyewe, na nikawaheshimu zaidi kwa hilo. Hakuna hata mmoja ambaye nyumbani kwao wangeweza kumlipia chuo hicho.

Mwadime alisema, "Mwalimu, goti langu lingelegea, leo tungekuwa tunamtembelea Wakesho hospitalini. Kombe lilisimama juu ya mabega yangu."

Wakesho alisema, "Waamuzi walisikia sauti yangu. Ningesema mapema, au ningekosa neno moja baadaye, mabega na ukimya vingekuwa vya bure."

Mghoi alisema, "Shairi ni langu. Na ule ukimya nao ni wangu. Kabla sijafungua mdomo, hao wawili walikuwa wananing'inia tu."

Niambieni nani kati yao amedanganya. Mimi sijamwona. Juzi niliandika herufi ya kwanza ya jina, nikaifuta. Jana nikaandika nyingine, nikaifuta, na karatasi sasa imeanza kutoboka hapo.

Wote watatu wamekaa nje ya mlango huu, kwenye benchi moja, hawasemezani. Fomu inachukuliwa saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu. Kalamu hii hapa, wino upo.

Haya, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu nianze, njoo uishike. Ungeandika jina la nani, na ukishaliandika, ungetokaje kwa mlango huu?