Kuta Mbili na Nafasi ya Kiganja

Mtu mmoja alikuwa na nusu ya kiwanja. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu mwingine, na mji wao ulikuwa wa milimani, ambako mvua hunyesha miezi sita na ukungu hushika zamu miezi inayobaki. Wa kwanza aliitwa Ngailo. Alikuwa na mama mzee mwenye kifua kibovu, aliyekuwa angali kijijini katika nyumba inayovuja, na haja yake kubwa duniani ilikuwa kumpatia mama huyo chumba kikavu kabla mvua hazijaanza. Wa pili aliitwa Mligo, fundi cherehani, mwenye mke na mtoto mchanga. Hakuwa mtu mbaya. Ngailo naye hakuwa mtu mbaya. Wangekuwa wabaya, hadithi hii ingekuwa fupi.

Halmashauri ilikuwa imekipima kiwanja kile kwa nyumba pacha: nyumba mbili, ukuta mmoja katikati, kila mtu na upande wake. Walikaa mara tatu kuzungumza juu ya ukuta huo. Ngailo aliogopa kwamba akiujenga yeye, Mligo atauegemea bure. Mligo aliogopa kwamba asipoujenga yeye, ataambiwa mpaka siku ya kufa kwamba ameegemea. Walizungumza kwa adabu sana, wakanywa chai, wakaagana bila kuafikiana.

Wakaenda ofisini. Afisa aliwasikiliza kwa subira, kisha akawaeleza kwamba ofisi yake hupitisha nyumba, haipitishi majirani, akampa kila mmoja fomu yake. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa kutaja jengo linalopakana. Ngailo akaandika: Hakuna. Mligo naye akaandika: Hakuna. Wote wawili walisema kweli, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa amejenga. Fomu zikagongwa muhuri mmoja, asubuhi moja, na tangu saa hiyo kila mmoja wao akawa anaishi peke yake kisheria.

Basi kila mtu akajenga ukuta wake. Kati ya kuta hizo mbili ikabaki nafasi ya upana wa kiganja. Mkono unaingia, fundi haingii. Kwa hiyo kuta zilipigwa plasta kwa ndani, na kule zinakotazamana yakabaki matofali matupu. Na mapaa yote mawili yakainamia pale katikati, kwa kuwa kila mchoro ulionyesha kwamba huko hakuna mtu.

Mama akaletwa, kitanda chake kikawekwa kando ya ukuta ule. Mvua zikaanza. Maji ya mapaa mawili yakashukia katika nafasi ile, yakakosa pa kwenda, yakaingia ndani ya kuta taratibu, kama mgeni asiyepiga hodi. Plasta ikavimba, blanketi likawa zito kila asubuhi, na kifua cha mama kikaanza kusema maneno yake ya zamani. Ngailo akasema maji ni ya Mligo. Akaandika barua. Mligo alikuwa ameshaandika yake. Afisa akaja na faili mbili na utepe wa kupimia, akapima, akarudia kupima, akatazama michoro. Hakuiona nafasi ile katika mchoro wowote. Akaandika kwamba nafasi inayolalamikiwa haipo. Maji yakaendelea kupita humo.

Siku Ngailo alipovaa koti kwenda ofisini mara ya tatu, mama yake alimwita kutoka kitandani.

"Mwanangu, ofisi ni mbali," alisema. "Mligo yuko hapa hapa. Namsikia anahamisha kitanda."

Halikuwa limemjia Ngailo akilini kwamba upande ule nako kuna kitanda. Akavua koti, akazunguka kwa mbele, hatua kumi na moja, akabisha hodi.

"Kwako pakavu, Bwana Mligo?"

"Pakavu wapi, kaka. Mtoto tumemlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa."

Wakaita fundi mmoja. Fundi akapanda, akachungulia, akashuka akisema panatakiwa bati moja lililokunjwa kama mfereji, ukingo mmoja uingie chini ya mabati ya huyu, wa pili chini ya mabati ya yule, maji yatokee mbele. Ila ili liingie, kila mmoja alegeze paa lake kwanza. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya mlima. Atakayeanza atakaa na paa wazi, akimtegemea mwenzake asibadili mawazo. Wote wawili wakalitazama wingu, na fundi, aliyewajua majirani kuliko alivyoyajua mabati, akakaa chini kusubiri.

"Anza na langu," akasema Ngailo.

Mligo akapanda mwenyewe kushika mabati ya Ngailo yasipeperuke, na mkewe akavuka kwenda kumfunika mama mzee kwa turubai. Kisha paa la Mligo likafunguliwa, na Ngailo akashika. Mvua ilipofika, bati lilikuwa limeshakaa.

Kuta zilichukua miezi minne kukauka. Kikohozi cha mama kilipungua. Hakikuisha, maana kifua cha mzee hakisomi vibali, lakini blanketi lake likawa jepesi.

Halafu afisa akarudi, kwa sababu bati lile halikuwa na kibali. Akakunjua fomu, akauliza ni la paa la nani. Ngailo akasema ni la Mligo. Mligo akasema ni la Ngailo. Wapo mtaani wanaosema kila mmoja alikuwa anakwepa ada, nami sina ushahidi wa kuwakanusha. Lakini afisa alibaki ameshika kalamu hewani, kwa kuwa fomu ina nafasi ya jina moja tu la mmiliki. Ninyi mngemwambia aandike nini?