Mwongozaji Aliyejificha Mama Yake Asimwone

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na hao walioko juani wapate kivuli. Leo nawaletea habari ya mtu wa sinema. Namwona mzee wangu pale ameshatabasamu, anasema moyoni leo sheikh kapotea njia. Nivumilieni. Tukifika mwisho wake, mtaniambia nani kapotea.

Mjini Kairo, nchini Misri, alikuwapo mwongozaji wa filamu, tumwite Raafat. Mwongozaji ndiye yule anayewaambia waigizaji: simama hapa, sema hivi, sasa lia. Raafat alianzia chini kabisa, kubeba nyaya na taa katika studio kubwa. Siku moja akawakuta wanapiga picha ya mtaa wa maskini. Nyumba zimejengwa kwa mbao nyembamba, zimepakwa rangi zionekane zimechakaa. Katikati kakaa mwanamke, ndiye ombaomba, eti hajala siku mbili, na kucha zake zinang'aa rangi nyekundu.

Raafat akashindwa kujizuia, akamfuata mkuu wa studio. "Bwana mkubwa, ombaomba gani huyu mwenye kucha za bibi harusi?"

Mkuu akacheka. "Kijana, watu wanakuja sinema kusahau shida zao. Ukiwaonyesha shida zao, watabaki nyumbani."

"Mimi nitawaonyesha," akasema Raafat, "tuone kama watabaki nyumbani."

Ilimchukua miaka kadhaa, lakini aliwaonyesha. Alipopata nafasi ya kuongoza filamu yake ya kwanza aliificha kamera ndani ya mkokoteni wa mboga, akausukuma kwa mikono yake katikati ya mtaa wa mafundi ujenzi. Watu wakapita wakibishana, wakitaniana, wakifuta jasho, hakuna aliyejiremba kwa ajili ya kamera. Siku filamu ilipoonyeshwa, mafundi walisimama juu ya viti wakionyeshana: ile ngazi ni yetu, yule ni Shahata, tazameni anavyotema mate. Waliingia mara ya pili. Wakaingia mara ya tatu na wake zao. Jumba zima lilikuwa linavuma kama uwanja wa mpira.

Wakaguzi wa filamu wakamwita. Wakamwambia, "Ondoa ile foleni ya mkate, inaitia nchi aibu."

Akawajibu, "Iondoeni nyinyi kwanza barabarani. Mimi nitaiondoa kwenye filamu siku hiyo hiyo."

Kwa jibu hilo filamu ikafungiwa mwaka mzima. Ilipofunguliwa, mji ulimiminika. Filamu ya pili, ya tatu, ya saba; kila moja watu wanaisubiri kama wanavyosubiri mwezi uandame. Waigizaji wakubwa waliokuja kwake aliwanawisha uso kwanza, akawapeleka wakaishi wiki mbili kwa mfua chuma au kwa mchoma matofali. Amri yake ilikuwa moja: "Nataka ilivyokuwa. Sitaki ilivyopendeza." Magazeti yakampa jina, yakamwita mtu asiyedanganya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mtu huyu asiyedanganya alikuwa na uongo mmoja, ameukalia miaka ishirini na mitano.

Mama yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu, na kwa mikono hiyo alimlea Raafat peke yake. Zamani zile, Raafat ndiyo kwanza anapandishwa cheo studio, alikuwa amesimama langoni na mkuu wake na waigizaji wawili maarufu, amevaa suti nyeupe. Akamwona mama yake anakuja barabarani, furushi la mashati kichwani, pindo la gauni limelowa maji ya sabuni. Raafat akainama, akajifanya anafunga viatu. Alipoinuka, mama hayupo. Akashusha pumzi. Akajiambia: hakuniona.

Tangu hapo, akiulizwa na waandishi wa habari, alisema amelelewa na mjomba wake mwalimu. Kila sikukuu alikwenda kwa mama, akambusu mikono, akala, akaondoka. Mama hakuwahi kugusia lolote. Naye akazidi kuamini: hakuniona.

Lakini jambo la namna hiyo halikai kimya ndani ya mtu. Raafat akaja kuandika filamu ya mama dobi, na ndani yake akatia tukio moja: kijana mwenye cheo anapishana na mama yake barabarani, anatazama saa yake, anajifanya hamjui. Hakumwambia mtu lilikotoka. Na kwa sehemu ya mama akakataa waigizaji wote wa mjini. Akamtafuta dobi wa kweli, bibi mmoja mnene, mwenye sauti, aitwaye Nabawiya.

Siku ya tukio hilo mtaa ulikuwa umefurika. Wapo watu wa taa, watu wa sauti, majirani wamejaa madirishani. Raafat alikuwa anaruka huku na huku kama mtu wa miaka ishirini, anapanga watu, anahamisha mikokoteni, macho yanawaka. Alijua hili ndilo tukio kubwa la maisha yake. Akamwelekeza Nabawiya: "Mama, mwanao akikupita, mshike mkono. Mlilie. Mlaani, watu wote wasikie."

Kamera ikaanza. Kijana akaja, akatazama saa yake. Nabawiya akamwona, akageuka, akavuka barabara upande wa pili na furushi lake kichwani, akaenda zake.

"Simamisheni," akasema Raafat. "Mama, nimekwambia umlilie."

"Sitamlilia, ustadhi. Mama hafanyi hivyo."

"Anafanya nini?"

"Anavuka barabara, ili wenzake huyo mwanawe wasiulize yule mwanamke ni nani. Si wewe unayetaka mambo yalivyokuwa? Ndivyo yalivyokuwa. Tulikuwa na mwenzetu pale penye mabirika ya kufulia, yalimkuta haya haya. Mwanawe alikuwa langoni na wakubwa wake, akainama kufunga kamba za viatu. Mwenzetu akavuka upande wa pili. Na alipotuhadithia alikuwa anacheka, anasema, masikini mwanangu, viatu vyenyewe havikuwa na kamba."

Jamani, nani alijua habari ya viatu vile? Raafat mwenyewe alikuwa ameisahau. Ilimrudia pale pale, mbele ya watu wote: viatu vyeupe vya kuchomeka mguu, na vidole vyake vinapapasa kamba isiyokuwapo.

Akauliza taratibu, "Mwanawe aliitwa nani?"

"Hakututajia. Tulimbana sana, akakataa. Alisema tutamchukia bure."

Raafat akaweka chini karatasi zake. Aliwaacha watu wote, na kamera, na taa zinawaka mchana, akaenda kwa miguu, mwendo wa kukimbia, mpaka kwa mama yake. Akamkuta amekaa anakunja nguo, siku hizo vidole vimeshavimba viungo. Hakusalimia.

"Mama, uliniona siku ile?"

Mama hakuuliza siku ipi. "Nilikuona, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja tena sikukuu?"

Akaanguka magotini pake, mtu wa miaka hamsini na mbili.

Alasiri ile ile akarudi mtaani na kumwambia Nabawiya, "Vuka barabara, mama. Fanya kama ulivyofanya." Na siku filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, jumba limejaa, waandishi wamesongamana mlangoni, Raafat akaingia na kikongwe ameshika mkono wake. Wakamuuliza, habari hii umeitoa wapi? Akasema, na sauti ikafika mpaka viti vya nyuma: "Huyo kijana mtakayemwona anamkana mama yake ni mimi. Mjomba mwalimu nilimzua. Na huyu ndiye mama yangu, dobi."

Watu wakasimama, makofi yakalipuka, hayakatiki. Mama akamvuta sikio, akamwambia, "Waambie wakae, Raafat, wamekuja kutazama filamu."

Wakakaa. Lilipofika lile tukio, mama kule kwenye pazia akavuka barabara, Raafat akaanza kulia kwa kwikwi. Na yule kikongwe, gizani, akavuta ncha ya ushungi wake akamfunika mwanawe uso, watu wasimwone.

Ndugu zangu, sisi leo ni waongozaji sote. Kila mmoja ana kamera mfukoni. Ya jirani tunayajua: nani kagombana na mkewe, binti wa nani karudi nyumbani. Tunayapiga picha na kuyasambaza, na tunasema tunasema kweli. Je, ile kweli moja yako mwenyewe umewahi kuisema? Wewe uliyempita mzazi wako, uliyemkana ndugu yako mbele ya wakubwa kwa sababu kanzu yake imetoboka, umekaa hapa safu ya mbele unajiambia: hakuniona.

Alikuona. Alikuona, akavuka barabara kwa ajili yako. Na Mola wako alikuona kabla yake, naye ndiye Msitiri, akakufunika miaka yote hii watu wakudhanie mwema. Ulidhani umejificha, kumbe umesitiriwa. Tukitoka hapa, kabla ya chakula, kila mmoja ajue anakwenda kwa nani.