Merikebu ya Admirali Ngwali na Nafasi Moja ya Kazi

Hapo zamani, ila si zamani sana maana semina zilikwishakuwepo, kisiwa cha Mwambakuu kilimteua Admirali Ngwali akagundue nchi mpya ng'ambo ya bahari. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wanajijua vizuri tu, lakini tuendelee.

Maandalizi yakaanza. Kamati ikaundwa. Kamati ikazaa kamati ndogo. Fulana zikachapwa, keki ikakatwa. Kitu kimoja tu hakikufanyika: kalafati. Fundi Vuai alipofika na pamba yake iliyolowa mafuta ya papa, azibe nafasi za mbao maji yasipite, aliambiwa, "Fundi, mgeni rasmi yuko njiani. Paka rangi kwanza, pamba baadaye."

Rangi kabla ya kalafati! Vuai alijua ni upuuzi. Akapaka. Akanyamaza.

Siku hiyohiyo Batuli, mwenye digrii ya elimu ya bahari na miaka sita ya kukaa nyumbani, alileta barua yake ya maombi ya kazi kwa mara ya saba. Akajibiwa, "Dada, tunataka uzoefu wa miaka mitano wa kugundua nchi zisizojulikana. Sorry."

Akiwa pale gatini akaona merikebu inakaa chini kuliko kawaida. Akachora mstari wa chaki ubavuni. Kesho yake mstari umezama. Akachora mwingine. Nao ukazama. Siku ya tatu akaenda kwa Admirali.

"Afande, chombo kinakunywa maji."

"Binti, ripoti hupitia kwa katibu. Tunang'oa nanga Ijumaa."

Akamwendea Vuai. "Fundi, kinavuja."

"Najua, mwanangu."

"Unajua? Na umekaa hapo unakunywa kahawa?"

"Wewe umekiona juzi, umesema leo. Ulikuwa wapi?"

Batuli akainamisha kichwa. "Nilisubiri kwanza kama wataniita kwenye interview."

"Basi tusichekane. Nipe siku saba."

Siku saba hazikuwepo. Lakini Ijumaa, bendi inapiga, Admirali kavaa nishani zote, Bwana Mtumweni karani wa bandari akakataa kugonga muhuri.

"Fomu ya ngoma na matarumbeta imejazwa kwa wino wa bluu, mheshimiwa. Utaratibu ni mweusi."

"Unajua mimi ni nani?"

"Imeandikwa hapa, mheshimiwa. Kwa bluu."

Fomu mpya ikachukua siku saba. Mtumweni hakujua habari ya maji wala pamba. Alipenda wino mweusi, full stop. Siku hizo saba, kila maji yakipwa na chombo kukaa mchangani, Vuai alikwangua rangi, akashindilia pamba, mikono ikachubuka. Batuli akachora mstari wa chaki. Kesho yake mstari uko palepale.

Admirali alipoona rangi imekwanguliwa akapiga kelele. Alipooneshwa pipa la maji yaliyotolewa tumboni mwa chombo, akanywea. Mbele ya watu akaapa: aliyeiokoa merikebu ataajiriwa, ajira ya kudumu, na pensheni juu. Nafasi moja.

Batuli akasema, "Ni mimi. Nisingeona, mngegundua chini ya bahari."

Vuai akasema, "Ni mimi. Kuona hakuzibi tundu. Chaki yako ingeelea peke yake."

Mtumweni akasema, "Ni mimi. Nisingewazuia, kuona kwa huyu kungefaa nini, na yule angeziba saa ngapi?"

"Hukujua lolote!" Batuli akafoka.

"Na wewe uliyejua ulikaa kimya siku mbili. Na fundi aliyejua zaidi ndiye aliyepaka rangi. Mimi peke yangu sikumficha mtu kitu."

Kalamu iko mkononi mwa Admirali, mkataba uko wazi, jina moja tu linaingia.

Haya, ndugu zangu mliosoma na msiosoma. Asinijibu mtu kwamba apewe mpwa wa Admirali. Huyo yuko chomboni tangu kamati ya kwanza, ndiyo maana imebaki nafasi moja. Kati ya aliyeona, aliyeziba na aliyechelewesha, je, kalamu iandike jina la nani?