Aliyeambiwa Avunje Mguu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na kikundi cha maigizo mjini Tanga, na ndani yake wanawake watatu. Zamaradi alikuwa mwimbaji mkuu. Stumai alikuwa wa akiba: alijua kila hatua ya Zamaradi, akingoja siku Zamaradi augue, na Zamaradi haugui. Wa tatu alikuwa Mama Kidawa, mshonaji wa mavazi. Yeye hakungoja kitu. Alishona, akatia vifungo, akawahi nyumbani kupika.

Mwaka huo Mhina, kiongozi wao, alirudi kutoka New York alikokwenda kutazama maigizo ya nyimbo ya Broadway.

"Siku hizi kule," alisema, "wanachukua nyimbo za zamani ambazo watu wanazijua, wanazitungia hadithi. Wengine wanasimulia historia ya nchi yao kwa kughani haraka, kama vijana wetu wa bongo fleva. Sisi tuna nini?"

"Mimi nina nyimbo za harusi za bibi yangu," akajibu Zamaradi.

Akazikusanya, akazipanga, akazitia mahadhi mapya. Miezi sita. Mama Kidawa alizisikia huku akishona, hata akawa anaziimba akisugua masufuria.

Siku ya onyesho, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa mgeni kutoka Broadway, mwenye fomu ya nafasi moja: mwaka mzima wa kujifunza na kuimba huko. Dakika tano kabla ya pazia kufunguliwa, Mhina alimjia Zamaradi akicheka.

"Vunja mguu, dada!"

"Umesemaje?"

"Vunja mguu! Ndivyo wanavyotakiana heri kule."

"Heri gani ya mguu kuvunjika? Bibi alinifunza, neno baya la kabla ya safari huifuata safari. Lifute, Mhina."

"Aa, nawe! Msemo tu huo."

"Basi vunja wako." Akavua kilemba, akaketi juu ya sanduku la mavazi. Akabembelezwa, hakuinuka.

Stumai akavaa, akapanda jukwaani. Alicheza mpaka watu wakasimama. Kumbe ana mafua. Wimbo wa pili, sauti ikamkauka. Akafungua mdomo, hola.

Mama Kidawa alikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni. Aliona gauni alilolishona wiki tatu limesimama kama limeanikwa kambani. Akatoa pini, akaimba. Stumai akaifuata sauti ile kwa midomo na mikono, mpaka mwisho. Ukumbini hakuna aliyejua. Mgeni alilia.

Onyesho lilipokwisha, mgeni akaja nyuma. Mhina akamweleza yote bila kuficha.

"Nafasi ni ya aliyenitoa machozi," akasema mgeni.

"Nyimbo ni zangu," akasema Zamaradi. "Bila mimi hawa wangeimba nini?"

"Wewe ulikalia sanduku," akajibu Stumai kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi nilisimama mbele ya watu mia tatu bila sauti, nisikimbie. Mgeni alinitazama mimi."

"Alikutazama wewe, akamsikia nani?" akauliza Mama Kidawa. "Shoga, ulipanua mdomo kama samaki changu mnadani. Miaka kumi na mmoja nashona nguo za kuwapendezesha wenzangu."

"Na Kidawa atapikiwa na nani?" akauliza Zamaradi.

"Kidawa ana baba. Sufuria anajua lilipo."

"Lakini mimi ndiye niliyeapizwa," akasema Zamaradi. "Ningepanda, mngekuwa wapi nyote?"

"Na mwapizaji mbona kimya?" akasema Stumai.

Mgeni akaiweka fomu juu ya meza ya pasi. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Akampa Mhina kalamu. Mama Kidawa akachomeka pini kwenye kimto chake, akangoja. Siku hiyo hakuangalia saa.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza: ingekuwa kalamu iko mkononi mwenu, je, mstari ule mngeandika jina la nani?