Namba Aliyopewa Dereva

Wapendwa, kulikuwa na karani mmoja wa masjala ya hospitali. Daktari akishaandika ugonjwa, kazi ya dada huyu ilikuwa kuupa namba yake, maana kila ugonjwa una namba. Alikuwa mwepesi kweli, na sifa alizipenda.

Asubuhi moja akaja dirishani dereva wa basi la shule, mikono inamtetemeka hata barua aliyoishika inacheza.

"Dada yangu, kesho naitwa kwenye kikao, watanifukuza kazi. Cheti kilichotoka hapa kinasema mimi ni mlevi. Pombe sijaionja tangu nizaliwe! Nitafutie aliyeandika hivyo."

Karani akafungua faili. Miaka mitatu, namba ile ile ya ulevi. Kila karani alinakili kwa aliyemtangulia. Akarudi nyuma hadi ukurasa wa kwanza. Hapo daktari aliandika: "Mikono inatetemeka. Chanzo hakijajulikana. Apimwe tezi ya shingo." Hakupimwa. Pembeni palikuwa na namba ya ulevi, na mwandiko ulikuwa wa karani mwenyewe.

Akaikumbuka siku ile: foleni ndefu, macho mekundu ya yule mtu, naye akajisemea, huyu anajulikana tu.

"Umemwona?" dereva akauliza.

Ndugu zangu, ninyi mngejibu nini? Wino mweupe wa kufutia ulikuwa pale mezani. Nani angejua?

Lakini masjala ina sheria yake. Kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja, libaki linasomeka, unaandika lililo sahihi, kisha unatia jina lako na tarehe. Karani akachukua kalamu, akapiga mstari.

"Ni mimi, kaka. Nisamehe. Twende kwanza kwa daktari ukapimwe, na kesho nitakuja kwenye hicho kikao niwaambie mwenyewe."

Na sisi je? Yule mjane tumemwita mchawi, yule binti mhuni. Tuliwatazama mara moja tukaandika, mtaa mzima ukanakili. Tukigundua tumekosea, tunajifungia chumbani, tunamlilia Mungu kimya kimya, na jirani anabaki na namba yake. Toba gani hiyo? Uliyemchafua hadharani, kamsafishe hadharani, kwa jina lako. Wala usimtafute mbali. Huenda mmekaa naye benchi moja.